Fyuzi ya Ndani Ikiungua, Tafuta Sababu Kwanza

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mmoja wa redio na vyombo vya muziki, mkimbizi mwenzetu, aliyoyatoa katika jumba la vijana mbele ya wanamuziki, viongozi wa kwaya na wanafunzi wa darasa la umeme. Tunayachapa kwa sababu wengi waliokosa nafasi siku ile wameomba kuyasoma. Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe jirani yako.

Nimeombwa niseme juu ya kitu ambacho urefu wake ni nusu ya njiti ya kibiriti. Kitu hicho ni fyuzi, hasa ile fyuzi iliyofichwa ndani ya amplifaya ya gitaa yenye valvu.

Mnajua wenyewe kwamba katika kambi hii amplifaya za gitaa zinahesabika kwa vidole. Moja inatumikia harusi, msiba, ibada na sikukuu. Vijana wa bendi wanapata kidogo cha sabuni na chumvi kwa sababu yake. Ikifa, hakuna duka la kuinunua tena hapa, na mgeni wa kuleta nyingine haji kila mwaka. Kwa hiyo neno langu leo ni moja, nami nitalirudia: fyuzi ikiungua, usikimbilie kuweka nyingine. Tafuta kwanza kilichoiunguza.

VALVU NI NINI?

Valvu ni ile chupa ndogo ya kioo inayowaka rangi ya chungwa ndani ya redio za zamani. Wengine mmezoea kuiita taa ya redio. Kabla ya transista kuvumbuliwa Marekani mwaka 1947, redio na amplifaya nyingi zilitumia valvu. Baadaye redio ziliziacha, lakini wapiga gitaa wengi hawakuziacha, kwa sababu valvu ikipigwa kwa nguvu sauti yake huchanika kwa utamu. Ndiyo maana hata leo kampuni kama Fender na Marshall bado zinaziuza.

Valvu ina mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, inahitaji moto mdogo wa kuipasha, kwa kawaida volti 6.3. Hizo hazina hatari kubwa. La pili, inahitaji umeme mkali sana wa kufanyia kazi. Katika amplifaya ndogo yenye valvu za EL84, umeme huo hufika volti 300 na zaidi. Katika amplifaya kubwa yenye EL34 au 6L6, hufika volti 400 hadi 500. Umeme wa ukutani unaoogopwa na kila mtu ni volti 230 tu. Ndani ya lile sanduku, basi, mna umeme karibu mara mbili ya ule wa ukutani.

WALINZI WAWILI

Fyuzi ni mlinzi. Ndani ya kile kioo mna uzi mwembamba wa chuma. Umeme ukizidi kipimo, uzi unayeyuka na njia inakatika. Mlinzi amekufa ili nyumba isiungue.

Amplifaya nyingi za valvu zina walinzi wawili au zaidi. Wa kwanza hukaa nyuma ya sanduku, karibu na waya wa umeme. Huyu analinda njia ya kuingilia, na unaweza kumtoa bila kufungua kitu. Wa pili analinda ule umeme mkali wa valvu. Katika amplifaya nyingine anaonekana nyuma pia, ameandikiwa HT. Katika nyingine amefichwa ndani, juu ya ubao wa vipande, na hata mwenye mali hajui kama yupo. Ndiye ninayemsema leo.

Utajuaje ni mlinzi yupi aliyekufa? Sikilizeni vizuri, maana hili linamfaa kila mtu, hata asiye fundi.

1. Umewasha, taa ndogo ya mbele haiwaki, valvu ni baridi, kimya kabisa. Tazama kwanza kama umeme upo na waya ni mzima. Kama upo, shaka fyuzi ya nje.

2. Umewasha, taa ya mbele inawaka, valvu zinang'aa ndani, lakini spika haitoi hata ule mvumo mdogo wa kawaida. Shaka fyuzi ya ndani, ile ya umeme mkali.

3. Umewasha, taa ya mbele inawaka lakini valvu hazing'ai hata baada ya dakika moja. Baadhi ya amplifaya zina fyuzi ya ndani ya kupashia valvu. Shaka hiyo.

Ukifika hapo, wewe kiongozi wa kwaya au mpiga gitaa, kazi yako imekwisha. Zima, chomoa plagi, andika ulichokiona na kilichotangulia: palitokea mlio gani, harufu gani, nani alikuwa amewasha nini. Kisha mpelekee fundi. Karatasi hiyo itampunguzia kazi ya siku nzima.

YALE TUSIYOYAFANYA

Kuna desturi mbaya ambayo nimeikuta katika kila kambi niliyoishi. Fyuzi ikiungua, kijana anachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaizungushia, anairudisha. Amplifaya inalia na watu wanampigia makofi.

Kwaya moja, sitaitaja, ilifanya hivyo jioni ya kuamkia harusi. Fyuzi ya ndani ilikuwa ya miliampea 500, yaani nusu ampea. Ile karatasi inaweza kupitisha ampea nyingi bila kukatika. Amplifaya ililia saa moja na zaidi, ikaanza kutoa harufu ya lami, halafu moshi. Nilipoifungua nilikuta valvu moja imeshikana ndani yake, umeme unapita bila kizuizi. Valvu ni kitu cha kubadilisha kwa mkono, kama balbu. Lakini kwa kuwa mlinzi alikuwa amefungwa mikono, umeme uliipita valvu ukaenda kuiunguza transfoma ya spika, ambayo uzi wake wa ndani ni mwembamba kama unywele. Transfoma hiyo haipatikani hapa. Kwaya ile inaimba bila gitaa mpaka leo.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapo tumshukuru Mungu ilikuwa transfoma tu. Fikirini nyumba zetu, na paa za maturubai, na jinsi zinavyokaribiana.

Kwa hiyo, ndugu zangu:

- Usizungushie fyuzi karatasi ya fedha wala uzi wa waya.
- Usiweke fyuzi kubwa zaidi kwa sababu ndogo "inakatika ovyo". Haikatiki ovyo. Inakuambia neno.
- Usiweke fyuzi ya gari au pikipiki. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 32. Kwa umeme mkali, uzi wake ukikatika, cheche inaweza kuendelea kuruka kutoka ncha hadi ncha.
- Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kufungwa. Transfoma ya spika inaweza kuharibika hata kama fyuzi zote ni nzima.

SASA KWA MAFUNDI: HATARI YA KWANZA

Ninyi wa darasa la umeme, sogeeni karibu. Haya yanayofuata si ya mtu asiye na mita wala mwalimu.

Ndani ya amplifaya ya valvu mna kapasita kubwa, mfano wa makopo madogo. Kazi yake ni kuhifadhi umeme, kama pipa linavyohifadhi maji. Bomba likifungwa, pipa halikauki. UKICHOMOA PLAGI, KAPASITA BADO ZINA UMEME. Zinaweza kubaki nao dakika nyingi, hata saa nyingi, na hasa pale fyuzi au rezista ya ndani imekatika, kwa kuwa njia ya kuumwaga haipo tena. Umeme huo unaweza kuua.

Kabla ya kugusa chochote, fanya hivi:

1. Zima, chomoa plagi, na plagi iwe mahali unapoiona. Asije mtoto au mwenzako mwema akakuchomekea.

2. Usifanye kazi peke yako. Awepo mtu anayejua mahali pa kuzimia umeme. Vaa viatu vikavu. Vua saa na pete.

3. Funga mita kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha juu, 600 au 1000. Waya mweusi wa mita ubane kwenye bati la amplifaya. Kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mgongoni, gusa mguu chanya wa kila kapasita kubwa. Soma.

4. Kama pana volti, zimwage kupitia rezista ya omu 10,000, wati 10, iliyofungwa kwenye waya wenye vibanio vilivyovikwa plastiki. Upande mmoja bana kwenye bati, wa pili kwenye mguu chanya. Kapasita ya mikrofaradi 100 itamwagika karibu yote kwa sekunde 5. Wewe ipe nusu dakika.

5. Pima tena. Halafu subiri kidogo upime mara ya tatu, maana kapasita ina tabia ya kurudisha umeme kidogo baada ya kumwagwa. Ikibaki chini ya volti chache, ndipo uingize mikono.

Tafadhali rudieni pamoja nami: pima, mwaga, pima tena.

KUSOMA FYUZI ILIYOKUFA

Itoe fyuzi kwenye kishikio chake kabla ya kuipima, kwa sababu ikiwa ndani mita inaweza kusoma njia nyingine za ubao ikakudanganya. Fyuzi nzima husoma karibu na omu sifuri. Usiamini jicho peke yake. Zipo ambazo uzi unaonekana mzima, kumbe umeachana pale kofia ya chuma inapoanzia.

Kisha itazame kwenye mwanga. Uzi ukiwa umekatika katikati na kioo kiko safi, umeme ulizidi kidogo au fyuzi imezeeka. Kioo kikiwa cheusi ndani au kimepakwa rangi ya fedha, umeme mwingi ulipita kwa ghafla, na hapo ujue kuna kitu kimeshikana.

Sasa soma maandishi kwenye kofia. Tuseme imeandikwa T500mAL250V. Tuisome herufi kwa herufi:

- T maana yake inavumilia kidogo kabla ya kukatika. Ingekuwa F, ingekatika mara moja. Ukiwasha amplifaya, kapasita hunywa umeme mwingi kwa muda mfupi. Fyuzi ya F mahali pa T itakatika bure. Fyuzi ya T mahali pa F itachelewa kulinda.
- 500mA ni kipimo cha umeme: miliampea 500.
- L inahusu kiasi cha umeme inachoweza kukikata bila kupasuka. L ni ya kioo cha kawaida. H ni imara zaidi, mara nyingi ya kauri iliyojazwa mchanga. Mahali pa H usiweke L.
- 250V ni volti zake.

Ukubwa nao ni wa aina mbili. Ile ndogo ni milimita 5 kwa 20, imezoeleka katika vyombo vya Ulaya. Ile kubwa ni milimita 6.3 kwa 32, imezoeleka katika vyombo vya Marekani.

Thamani ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye ubao, kwenye bati au kwenye mchoro wa mtambo. Usifuate ile uliyoikuta, maana huenda waliokutangulia waliweka walichopata sokoni.

Baadhi ya fyuzi za ndani hazina kishikio. Zina miguu ya waya na zimelehemiwa kwenye ubao. Hizi ubadilishe kwa fyuzi yenye miguu kama hiyo. Usilehemu waya juu ya kofia za fyuzi ya kawaida, kwa sababu joto huharibu uzi wa ndani. Afadhali kulehemu vishikio imara, ili fundi anayekuja baada yako asisumbuke. Na kishikio kilicholegea au chenye kutu nacho ni ugonjwa: hupata joto na kuunguza fyuzi nzima. Kisafishe, kikaze.

KUTAFUTA SABABU

Hapa ndipo kazi yenyewe. Anza na yale yanayotokea mara nyingi.

Valvu kubwa za mwisho. Ndizo wagonjwa wa kwanza. Kama kabla ya kimya mtu aliona bamba la ndani la valvu linageuka jekundu, au cheche ya buluu ikiruka, shaka hizo. Zitoe zikiwa zimepoa, na uandike kila moja ilikuwa tundu gani.

Rezista ndogo karibu na matundu ya valvu kubwa. Mara nyingi ni za omu 470 au 1,000. Valvu ikishikana, huungua pamoja nayo. Zipime hata kama rangi yake ni nzuri.

Dayodi za kugeuzia umeme. Dayodi nzima hupitisha upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote mbili, imeshikana. Amplifaya nyingine hutumia valvu kwa kazi hiyo, kama GZ34. Nayo hushikana.

Kapasita kubwa. Ikiwa imevimba kichwani au imevuja, ibadilishe. Pima pia omu kati ya njia ya umeme mkali na bati. Namba inapaswa kuanza chini na kupanda taratibu. Ikiganda chini kabisa, kuna mshikano.

Transfoma ya spika. Pima kutoka waya wake wa katikati hadi kila ncha. Utapata makumi ya omu au zaidi kidogo ya mia, na pande mbili zikaribiane. Kutoka waya hizo hadi kwenye bati pasiwe na njia kabisa.

Kuna jambo moja linasahauliwa. Katika amplifaya nyingi za EL34 na 6L6, valvu hutulizwa na volti hasi. Bila volti hizo, valvu hukimbia kama gari lisilo na breki, na fyuzi huungua hata kama valvu ni mpya. Kwa hiyo kabla ya kurudisha valvu, washa bila valvu kubwa na upime mguu wa 5 wa kila tundu. Tegemea kama volti 30 hadi 55 hasi. Kama hakuna, USIRUDISHE VALVU. Tafuta kwanza kwa nini hakuna.

KUWASHA KWA BALBU

Fyuzi hapa ni haba. Hatuwezi kuchoma tano kwa majaribio. Kuna chombo cha bei ndogo ambacho kila fundi anapaswa kuwa nacho.

Chukua ekstensheni. Kata waya wa moto peke yake, na ncha zake mbili uzifunge kwenye holda ya balbu. Waya wa erthi na wa pili ziachwe nzima. Funga kila kitu ndani ya sanduku kavu. Weka balbu ya wati 100 ya mtindo wa zamani, yenye uzi ndani. Balbu za ledi na za kuokoa umeme hazifai kwa kazi hii. Za zamani zinaadimika siku hizi, kwa hiyo ukiona moja sokoni inunue.

Amplifaya ikichomekwa hapo, umeme wote unapita kwanza kwenye balbu. Weka fyuzi sahihi, funga spika, toa valvu kubwa, washa.

- Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mshikano bado upo. Zima. Fyuzi na transfoma vimeokoka.
- Balbu ikimulika kidogo na kufifia kama kaa linalozimika, hali ni njema. Zima, rudisha valvu mbili nzima, jaribu tena. Zikipata joto mwanga utaongezeka kidogo, hilo ni la kawaida. Ukiongezeka mpaka ukawa mkali, zima.

Likipita jaribio hilo, ondoa balbu, washa moja kwa moja, na uangalie valvu kwa dakika kumi bila kuondoka. Bamba likianza kuwa jekundu, zima. Ukiweka valvu mpya katika amplifaya yenye volti hasi, zirekebishwe upya kwa mita.

AMPLIFAYA ZILIZOTOKA MAREKANI, NA JENERETA

Baadhi ya amplifaya zilizotufikia ni zawadi kutoka Marekani. Kule umeme wa ukutani ni volti 120. Huku kwetu ni karibu mara mbili. Soma nyuma ya sanduku KABLA ya kuchomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma. Nyingine zina swichi au waya wa ndani wa kuchagua. Fundi akiigeuza kwenda 230, fyuzi ya nje hupunguzwa, kwa kawaida nusu, lakini fyuzi ya ndani ya umeme mkali haibadiliki. Wengi hukosea hapo.

Kuhusu jenereta: iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe amplifaya. Ukimaliza, zima amplifaya kwanza. Mafuta yanapokaribia kwisha jenereta hupanda na kushuka, na mizigo mikubwa ikizimwa ghafla volti huruka. Sababu nyingi za fyuzi kuungua huanzia hapo.

MASWALI NA MAJIBU

Mama mmoja kiongozi wa kwaya: Yetu iliungua fyuzi mara moja tu, ikabadilishwa, imekaa miezi mitatu bila tatizo. Tuliharibu?

Jibu: Hapana, mama. Fyuzi huzeeka, kwa sababu kila ukiwasha uzi unapata joto na kutanuka. Kama kioo kilikuwa safi, inawezekana ulikuwa uzee tu. Kanuni yangu ni hii: fyuzi moja sahihi, kwa balbu, inaruhusiwa. Ikiungua ya pili, ni marufuku kuweka ya tatu kabla ya kupata sababu.

Kijana mmoja: Fundi, mimi sina mita. Naweza kubadilisha ya ndani kwa uangalifu?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Bila mita huwezi kujua kama kapasita ni tupu, na uangalifu hauonyeshi volti. Ya nje unaweza, baada ya kuchomoa plagi. Kwa ya ndani, ilete darasani uje utazame.

Mzee mmoja mwanamuziki: Zamani sisi tulimwaga umeme kwa bisibisi, paa! Ikaisha.

Jibu: Ni kweli, mzee wangu, na wengi walifanya hivyo. Lakini ile "paa" ni chuma kinachoyeyuka na kurukia macho, na inaumiza kapasita na ubao. Rezista inafanya kazi ileile kimyakimya.

Mpiga gitaa: Nikikosa ya miliampea 500, ya 400 inafaa?

Jibu: Ya chini, ikiwa ya aina ileile na volti zilezile, haina hatari. Inaweza kukatika ukipiga kwa nguvu, basi. Ya juu ndiyo marufuku.

Dada mwimbaji: Nikigusa maikrofoni mdomo unapigwa na umeme wakati nimeshika gitaa. Ni fyuzi?

Jibu: Hapana, dada. Hiyo ni dalili ya erthi kukatika. Acha kutumia vyombo hivyo leo hii. Kuna watu wanaokata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi ya miguu miwili. Mguu ule ndio unaokulinda wewe; fyuzi inalinda chombo. Msiukate kamwe.

Mama mwingine: Mtu akipigwa na umeme tufanyeje?

Jibu: Usimshike. Zima umeme kwanza. Kama huwezi, mtenganishe kwa mti mkavu, ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, aliyefundishwa kusukuma kifua aanze mara moja na mwingine akimbie kuita wahudumu wa afya. Hata akisimama na kusema ni mzima, apelekwe zahanati apimwe moyo.

Nawaacheni na machache ya kubeba nyumbani. Viongozi wa bendi na kwaya, nunueni fyuzi sahihi kumi, za nje na za ndani, na muziweke kwenye kibati pamoja na karatasi yenye thamani zake. Bandikeni thamani hizo nyuma ya amplifaya. Vijana wa ufundi, msione aibu kumwambia mwenye mali "rudi kesho" mnapotafuta sababu, hata kama harusi ni leo. Wageni wataimba bila gitaa siku moja, na wiki ijayo gitaa litakuwepo.